Bahasha ya Desemba

Bonasi ya Desemba imetoka. Nimeificha bahasha
juu ya mashine ya kufulia, mahali ambapo Isao
hajawahi kutia jicho tangu tuoane.
Kisha nimekaa jikoni na kalamu,
maana mali bila daftari, nanyi mwajua yaliyobaki.

Kigari changu ni cha njano, cha viti viwili,
injini yake ndogo kuliko ya pikipiki ya kaka yangu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
mimi huinama kila siku, saa moja asubuhi,
nitokapo zamu ya usiku hospitalini Tokushima,
magoti yakilia, pindo la koti likibanwa mlangoni.
Mwenyewe wa kwanza aliacha matundu matatu kwenye dashibodi,
mviringo, mviringo, mviringo,
palipokuwa na geji zake. Alizing'oa akaenda nazo
kama mpangaji anayehama na balbu.
Sijui alikuwa akipima nini. Joto? Mafuta? Hasira?

Nikaandika: ekzosi ya chuma cha pua.
Nikaisikia ikinguruma kichochoroni saa tisa za usiku,
Bi Hamasaki wa chini akifungua dirisha. Nikafuta.
Nikaandika: springi fupi, gari lishuke vidole vitatu,
lilale barabarani kama paka anayewinda.
Nikalikumbuka tuta la lango la hospitali. Nikafuta nusu.
Nikaandika turbo, kwa herufi kubwa,
na hapo daftari lenyewe likanionea haya.

Karakana ya fundi Kuramoto iko chini ya reli.
Treni ikipita, spana hutetemeka ukutani
naye hunyamaza, katikati ya neno, hadi imalizike.
Aliisoma orodha yangu kama daktari
asomavyo vipimo vya mtu asiyeumwa.
"Unakwenda nalo wapi?"
Kazini, nikasema. Na Jumapili, milima ya Iya,
kabla mabasi ya watalii hayajaamka.
"Na huko milimani, unaogopea wapi?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu.
Kushuka, nikasema. Kona ya saba baada ya daraja,
majani ya mwerezi yamelowa,
nakanyaga breki na pedali inazama kama tofu.
"Basi unajua unacho—"
treni ikapita
"—taka," akasema, akafungua buti.

Akatoa miavuli mitatu. Jeki ya gari jingine.
Mchele, kilo kumi, niliodhani nimeibiwa dukani.
Akavipandisha kimoja kimoja kwenye mzani wake wenye kutu.
Kilo ishirini na moja.
"Hii hapa turbo yako. Bure."

Kwa hiyo: pedi mpya za breki, na mafuta yake.
Matairi manne ambayo Bi Hamasaki hatayaona.
Na bushi, vijipira vyeusi visivyo na sifa,
vilivyokaa gizani miaka thelathini vikipokea kila pigo.
Vile vya zamani alinipa nivishike.
Vimepasuka kama visigino.
Nawajua watu wa namna hiyo; huwabadilishia bandeji.

Hakuna cha kupiga picha. Gari ni lile lile.
Ila Jumapili, kwenye kona ya saba, nilikanyaga
na likatii, kimya, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Nilisimama mbele kidogo nikacheka peke yangu,
pumzi ikifanya ukungu kwenye kioo.

Bahasha ilibaki na noti mbili. Busara ilisema: benki.
Lakini mlangoni kwa Kuramoto kuna kabati la kioo,
na ndani yake kirungu cha gia cha mti wa mcheri,
kimesuguliwa hadi kikawa kama yai.
Hakiongezi mwendo. Hakisaidii kona yoyote.
Kinaongeza gramu themanini; nilikipima mwenyewe.

Juzi Isao, amejikunja upande wa abiria,
akakigusa kwa kidole kimoja. "Hiki kipya?"
Kilikuwepo siku zote, nikasema,
kiganja juu yake, kikiwa tayari na joto,
nikaingiza gia ya pili.